Mguu wa Dada Mela

Ukitaka kumuudhi Melania, mwamkie. Wafanyabiashara wenzake wa Guangzhou, Uchina, walilijua hilo. Msichana mgeni akithubutu kumwambia shikamoo, alikatwa palepale: "Shikamoo ya nini tena? Mimi mwenzio bwana, niite dada Mela." Na kwa kuwa bibi ndiye anayebebewa mizigo, Melania alibeba yake mwenyewe. Nywele alizipaka piko zikang'aa, mabegi ya nguo za soko la Shahe akayaburuta, na aliyejaribu kumpokea alifukuzwa kama kibaka.

Ndivyo alivyoumia. Alikuwa akipandisha begi kwenye ngazi za soko, msuli wa shavu la mguu ukachanika, akakaa chini huku watu na matoroli wakimpita. Kauthar, binti wa Unguja anayesoma huko na kuwatafsiria wafanyabiashara, akampeleka kwa Daktari Liang, mwenye kliniki ndogo ya kutibu misuli kwa mwanga wa leza.

"Anauliza una miaka mingapi," Kauthar alisema. "Anasema misuli ya kijana na ya mtu mzima haiponi kwa mwendo mmoja. Atapanga tiba kwa umri wako."

Angesema kweli, mambo yangeishia hapo. Lakini Kauthar alikuwa akimtazama, Kauthar aliyemwita dada.

"Arobaini na tano," akasema, wala hakupepesa macho.

Daktari akampangia tiba ya mtu wa arobaini na tano. Mwanga mwekundu ulimulikwa mguuni, hauchomi wala hauumi, na baada ya wiki chache maumivu yakatulia. Akaruhusiwa kurudi kazini polepole. Polepole ya Melania ilikuwa kwenda Shahe moja kwa moja na kushika begi. Msuli ukachanika tena, vibaya kuliko mwanzo.

Alirudi kliniki akichechemea na moto kichwani. "Mwambie huyu bosi, huyu laobani, ni tapeli!" alimfokea Kauthar mbele ya wagonjwa wote. "Kaniwekea taa ya disko mguuni! Nitafuata mzigo kwa mguu gani mimi? Mwambie!"

Kauthar alitafsiri, macho chini. Daktari Liang hakujibu ukali kwa ukali. Alisimama, akainamisha kichwa, akaomba radhi. Alisema kwa umri wa arobaini na tano msuli ulipaswa kuwa umeshika, kwa hiyo huenda yeye ndiye aliyekosea vipimo. Melania akaipokea radhi ile kidevu juu.

Bibi mmoja wa Kichina aliyelala kitanda cha pili akanyoosha kidole kwenye mkono wa Melania. Melania alikuwa amevaa bangili ya uzi mwekundu yenye farasi mdogo. Aliinunua mtaa wa Yide Lu mwanzoni mwa mwaka. Mwenye duka alimuuliza mwaka wa kuzaliwa, naye, kwa kuwa hapakuwa na Mswahili karibu, akausema. Akaambiwa miaka ya Kichina ina majina ya wanyama, na yeye ni wa mwaka wa Farasi, na kwa kuwa mwaka huu Farasi amerudi, avae nyekundu kujikinga na mkosi. Akaivaa, akasahau.

Bibi alisema maneno machache. Wagonjwa wakageuka kumtazama Melania, na Kauthar akachelewa kutafsiri.

"Anasema Farasi hurudi kila baada ya miaka kumi na miwili. Mwenye kuvaa hiyo mwaka huu ana arobaini na minane, ama sitini. Wa arobaini na tano ni Jogoo."

Daktari aliitazama bangili, kisha mguu, kisha akauliza jambo kwa sauti ndogo. Melania hakungoja tafsiri.

"Sitini."

Daktari angekasirika, ingekuwa nafuu. Lakini alitikisa kichwa tu, akageukia mashine na kuanza kupanga upya: mapumziko marefu, mizigo marufuku. Melania aliona aibu hadi masikio yakamwaka. Hakuaibika kwa miaka yake. Aliaibika kwa kichwa cha yule mtu kilivyoinama mbele yake, naye akakiacha kiiname.

Nje, Kauthar alitembea kando yake mpaka penye ngazi za stesheni ya metro. Hapo akasimama, akanyoosha mkono kuupokea mkoba.

"Shikamoo, mama," alisema kwa upole.

Ardhi ingepasuka, Melania angeingia. Alizitazama zile ngazi, akautazama ule mkono.

"Marahaba, mwanangu," akasema, na akampa mkoba.