Kipara cha Mama

Nilipata kipara kabla sijatimiza miaka arobaini, na mama yangu hakukipenda. Kwetu Bungoma, kichwa kilichonyolewa chote maana yake mmezika. Siku chache baada ya mazishi wafiwa hukaa uani, wembe ukapita kichwa kwa kichwa. Ukikutana na mtu wa namna hiyo njiani humwulizi habari, unampa pole.

"Wewe unaomboleza tangu urudi kutoka masomoni Kampala," Mama aliniambia. "Ni hiyo elimu ilikufa njiani?"

Nayataja haya mapema kwa sababu hasira yangu, baada ya miaka hii yote, bado inazunguka kwenye nywele, na msomaji asiyejua desturi hii ataniona mjinga. Anayeijua ataniona mjinga pia, ila atakuwa na sababu zake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Mama alipata uvimbe kwenye titi. Alikuwa ajuza tayari, wajukuu wake wameoa. Nilikuwa nikifundisha Kitale, basi nikampeleka hospitali. Daktari Mzungu alimpima, kisha akanigeukia mimi na kusema kwa Kiingereza kwamba ni saratani, imeshatambaa hadi kwapani, na kisu hakitasaidia. Ilikuwepo dawa mpya ya sindano, imeletwa kutoka Nairobi. Haingemponya. Labda ingemwongezea miezi. Angetapika, na nywele zingeng'oka. Mama alikaa kati yetu, ameshikilia blauzi yake kifuani, akitazama midomo yetu mmoja baada ya mwingine.

Tukakutana nyumbani kwa ndugu yangu mkubwa, huko Kanduyi. Alikuwa mzee wa kanisa, jambo ambalo halikumzuia kumleta mtu wa dawa kutoka mlima Elgon, na kibuyu cha mizizi iliyochemshwa.

"Hiyo sindano yako ni sumu, mwalimu," ndugu yangu akasema.

"Sumu ni hiyo mizizi."

"Mizizi imeumbwa na Mungu."

"Hata nyoka."

Wajomba waliohudhuria walicheka, nami nikaona nimeshinda. Tulibishana hadi chai ikapoa. Mama alikuwa jikoni akichambua kunde. Hakuna aliyemwita.

Mwishowe tukakubaliana kwa busara ya wanaume waliochoka: apewe vyote viwili. Sindano Kitale, mizizi Kanduyi. Mtu wa dawa akapiga marufuku maziwa, nyama na munyu, ile chumvi ya majivu ambayo bila yake Mama hakuhesabu kunde kuwa chakula. Akabariki uji mtupu, akaondoka na jogoo wetu. Kuanzia hapo Mama alitapika kila alichoruhusiwa, na kile ambacho kingekaa tumboni alikatazwa. Nasi kila mmoja alimsifu kwa uvumilivu, akimwonyesha mwenzake kwamba dawa yake ndiyo inayofanya kazi.

Baada ya sindano ya pili nywele zilibaki kwenye mto. Akajifunga kitambaa. Siku moja tukitoka sokoni upepo ulikivuta, na bibi mmoja wa rika lake akaona. Akatua kikapu chake, akamshika mikono yote miwili.

"Pole, mama. Mmezika nani?"

"Bado hatujazika," Mama akajibu. "Watoto wangu wameona waanze na kunyoa."

Yule bibi hakucheka. Alinitazama mimi, kisha kichwa changu.

Jioni hiyo Mama alituita sote wawili, mimi na ndugu yangu.

"Mlimwuliza daktari. Mkamwuliza huyo wa mlimani. Mkaulizana nyinyi kwa nyinyi. Sasa niulizeni mimi."

Tulitazamana kama wanafunzi waliokosa kusoma. Hatimaye ndugu yangu akasema, "Mama, unataka nini?"

"Chai ya maziwa. Na kunde zenye munyu. Kitale sirudi."

Nikaanza kumweleza habari ya miezi.

"Hiyo miezi ni ya nani, baba?"

"Ni yako, Mama."

"Kama ni yangu, mbona mnaila nyinyi?"

"Ukiacha sindano utaondoka mapema."

"Nitaondoka na nywele."

Ndugu yangu alishindwa kuficha furaha. "Basi mizizi itatosha."

"Mizizi mwagia migomba," Mama akasema. "Tuone kama itapona."

Alikula kunde, akanywa chai, akaumwa. Maumivu yalikuwa makali, nisimdanganye mtu. Mvua zilipoanza akafariki. Nywele zilikuwa zimeanza kurudi, nyeupe, laini kama manyoya ya kifaranga, na siku zake za mwisho mkono wake ulikuwa kichwani muda wote, ukizipapasa.

Siku ya kunyoa, shangazi alikuja na wembe na bakuli la maji. Aliponifikia akasita. "Wewe nikunyoe nini?"

"Hizi za masikioni."

Ndugu yangu alikaa kando yangu, kichwa chake kikiwa kimeshanyolewa, maji na machozi yakimtiririka pamoja. Hatukuwa tumesemezana tangu jioni ile. Akasema kwa sauti ya chini, bila kunitazama, "Angalau mizizi haikumng'oa nywele."

Jibu nilikuwa nalo, na lilikuwa zuri kuliko lile la nyoka. Lakini wembe ulikuwa sikioni, nikatulia.