Shada la Mama Viraka

Mama Viraka hakulipenda jina hilo, lakini lilimganda tangu ujana wake, na ukweli ni kwamba alilitafuta mwenyewe. Alikuwa fundi cherehani asiyetupa kitambaa. Ukimpelekea gauni akushonee, mabaki uliyosahau kwake yaliingia kwenye gunia chini ya meza, na baada ya miaka mitatu ungeyakuta yamekuwa foronya. Mumewe watu walimwita Mzee Koleo, kwa sababu koleo halikumtoka mfukoni hata siku ya harusi yake. Yeye alikuwa fundi wa waya: mitego ya panya, vizimba vya ndege, viango vya nguo.

Mwaka wao wa kwanza wa ndoa, ilipofika Siku ya Wapendanao, wanaume wa mtaa ule walirudi na maua huku wakijifanya hawajali. Mzee Koleo alirudi na waya mnene uliobaki kwenye uzio wa mtu, kaukunja umbo la moyo. Akamwekea mkewe mapajani na kumwambia maua atie mwenyewe. Mama Viraka alinuna mpaka alasiri. Kisha akamwaga gunia sakafuni, akachambua kila kilichokuwa chekundu, akakata vipande vya upana wa kidole na kuvifunga kwenye waya kimoja kimoja, fundo limebanana na fundo, mpaka waya wenyewe usionekane. Nyekundu ya bendera kando ya rangi ya damu ya mzee, na waridi kidogo pale vilipopungua. Shada lilipotundikwa mlangoni, wale wa maua walikuja kulitazama, na maua yao yalikwisha kulegea.

Tangu hapo ikawa kila mwaka, na kila mwaka jipya. Mkewe akitaka kubadilisha vitambaa tu kwenye waya wa zamani, Mzee Koleo alikataa katakata, akisema kiraka ni cha suruali. Wala kazi zao hazikuingiliana. Mke hakugusa waya, mume hakugusa kitambaa. Hivyo kwa miaka thelathini na mmoja.

Kiharusi kilimkuta Mzee Koleo akinyoa ndevu. Maneno yalirudi polepole, mazito kama ya mtu anayeongea huku anatafuna, na mguu ukarudi kiasi cha kumfikisha chooni. Mkono wa kulia haukurudi. Ulilala juu ya shuka kama kitu cha mgeni kilichosahauliwa, na yeye mwenyewe hakuutazama.

Zilipobaki wiki mbili kufika Siku ya Wapendanao, Mama Viraka alianza kukata vipande karibu na kitanda, ili mkasi usikike. Siku ya tatu mumewe akaomba koleo. Akalishika kwa kushoto, likaanguka. Mkewe akampa tena, likaanguka. Mara ya tatu lilipolia sakafuni, alimwambia aliondoe mbele ya macho yake.

Hapo ndipo Mama Viraka alipofanya kosa, na alilifanya kwa mapenzi. Alijua mlango ukikaa mtupu mtaa mzima utasema Koleo amekwisha, na mwenyewe atasikia kutoka kitandani. Kwa hiyo akaenda kwa fundi funguo wa njia panda, aliyejifunza kazi mikononi mwa mumewe zamani. Yule bwana alikunja moyo uliolingana pande zote, kazi ya dakika chache, akamwambia msalimie mwalimu. Mama Viraka akalifunga shada jikoni, akibana mafundo kuliko mwaka wowote, maana aliamini waya ukifichika vizuri hakuna atakayejua ni mkono wa nani. Siku moja kabla ya sikukuu akaingia nalo chumbani.

Mzee Koleo alilitazama kwa muda mrefu.

"Nani kakukunjia?"

"Ni ule wa mwaka jana, baba. Nimeufunga upya tu."

"Wa mwaka jana kiungo chake kiko chini. Huu umeungwa juu, nauona ulivyovimba." Akapumzika, kwani maneno mengi yalimchosha. "Umeshaanza kuishi bila mimi, mama. Ungesubiri niondoke kwanza."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira, Mama Viraka angejua la kujibu, kwani kwa kujibizana hakuwa na mpinzani mtaani. Alitoka, akakaa kwenye kigoda cha jikoni na kuanza kufungua mafundo yote. Alipomaliza, akaunyoosha waya kwa kuukanyaga na kuuvuta, akarudi nao na kuulaza kando ya mkono ule mzima.

"Sina haraka," akamwambia.

Sikukuu ikapita mlango ukiwa mtupu. Jirani aliyeuliza kulikoni alijibiwa kwamba misumari imegoma, na hakuuliza tena.

Siku ya nne Mzee Koleo alimwita. Akamwagiza ashike koleo, awe mkono wake wa kulia. Yeye atavuta kwa kushoto. Wakakaa wamebanana ukingoni mwa kitanda, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao akamfundisha kazi yake, na alikuwa mwalimu mkali. Shika mbele. Usikabe. Huo si ukili wa kusukia mkeka. Walipomaliza wakaushika juu wakautazama.

"Moyo huo?" akauliza Mama Viraka.

"Kiazi," akasema mumewe, na upande mmoja wa mdomo wake ukacheka.

Waliunyoosha na kuanza tena kesho yake, na keshokutwa. Mama Viraka alishaanza kufurahia, mjinga wa watu, asijue kuhusu waya kile ambacho mwenzake alikijua tangu siku ya kwanza. Waya mmoja haukunjwi na kunyooshwa mara zote hizo. Siku ya tatu ulikatika mikononi mwao, bila kelele.

Mzee Koleo alipapasa ncha iliyokatika.

"Nenda kwa yule fundi wa funguo."

"Siendi. Nitatafuta waya mwingine, tutaanza upya."

"Nenda, mama. Mwambie aanzie juu amalizie chini, mizunguko miwili, ncha aifiche ndani. Mwambie mimi ndiye nimesema."

Alikwenda. Mwanamke ambaye watu hawakumwona akilia hata alipomzika mama yake alipita njia ile nzima akilia, hajifuti, na wanaomfahamu wakajifanya wanatazama upande mwingine. Fundi funguo alisikiliza maagizo yote kama mwanafunzi, akakunja.

Nyumbani mumewe akaupokea. Kidole gumba cha kushoto kikaenda moja kwa moja chini, kwenye kiungo.

"Kalegeza," akasema. Baadaye kidogo akaongeza, "Lakini utakaa."

Mama Viraka akavuta gunia, akaketi miguuni pake na kuanza kufunga, kipande baada ya kipande. Mzee Koleo akageukia ukutani akasema anasinzia. Mkewe aliendelea kufunga, macho kwenye vitambaa, ili asione bega moja, lile zima, lilivyokuwa likitikisika.