Kifuniko cha 961

Miaka yote niliyofundisha hesabu, somo la vipeo nililianza kwa jozi moja. Kumi na tatu mara kumi na tatu ni 169. Zigeuze tarakimu za pande zote mbili, na thelathini na moja mara thelathini na moja ni 961. Wanafunzi walifurahi. Mke wangu alisema jambo hilo halijawahi kupika ugali.

Mwaka jana alikata vipandikizi katika michai ya marehemu mama yake, kule Longisa, wiki moja kabla kaka zake hawajaing'oa ili wapande parachichi. Tulivipeleka kwa mwenye kitalu wa Silibwet avioteshe. Yeye humpa kila mteja namba, huiandika kwa rangi kwenye kifuniko cha kopo na kukifunga kwa waya, juu na chini, katika kijiti kando ya tuta. Yetu ilikuwa 196.

Tuliporudi kuchukua miche, 196 haikuwapo. Tulizunguka matuta yote mara mbili. Mke wangu akasimama, mkono kifuani.

"Mama, labda ilikauka tukaitupa," mwenye kitalu akasema kwa sauti ya chini. "Pole sana."

Kwenye tuta la mwisho nikaona kifuniko chenye 961, nikatabasamu kabla sijafikiri.

"Hii ni ya nani?"

"Ya mteja mwingine. Lazima aje mwenyewe, Mwalimu."

"Kwani umefikisha wateja mia tisa?"

"Wapi! Hata mia tatu sijafika."

Nikainama. Waya wa juu ulikuwa umekatika kwa kutu, na kifuniko kikapinduka, kikaning'inia kwa ule wa chini. Nikakirudisha wima. Sita ikawa tisa, tisa ikawa sita: 196, ambayo nayo ni kumi na nne mara kumi na nne.

Mke wangu alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo. "Haya, leo imepika ugali."

Vipandikizi vilivyoshika mizizi vilikuwa mia moja sabini na kimoja. Nyuma ya nyumba nilipanda safu kumi na tatu, kila safu miche kumi na mitatu, nikaipima kwa kamba. Miwili iliyobaki niliitaka kwa ajili ya kuziba mapengo mingine ikifa, lakini mke wangu aliichukua akaipanda karibu na mlango wa jikoni.

"Hii ni ya mama," alisema. "Usiitie kwenye hesabu."

Sijaitia.