Jumamosi ya Kung'oa Majani ya Ziwa

Mimi ndiye niliyewafundisha watu wa avenue yetu, yaani mtaa wetu, kung'oa majani ya ziwa. Nilikuwa nimesoma katika kitabu cha afya kwamba maji yaliyotulia yenye majani huzaa mbu. Basi Jumamosi za salongo, ambapo kila nyumba hutoa mtu wa kufanya usafi, niliwapanga watu kwa mistari, na baada ya miezi michache ghuba ilikuwa karibu tupu. Nilijivuna.

Miaka ilipita ndipo niliposoma habari za nguva, mnyama mkubwa wa bahari anayekula nyasi zinazoota chini ya maji, na za vijiji vya pwani vinavyolinda nyasi hizo kwa sababu zikiisha, samaki nao huhama. Ziwa Kivu halina nguva. Lina fisi-maji, mnyama mwembamba anayeogelea na kuvua samaki, na lina tilapia ambao watoto wao hujificha majanini. Nilishuka hadi barabara iliyo juu ya ghuba kuangalia. Kilikuwa kimebaki kipande kimoja tu cha majani, kisichozidi uwanja wa kanisa. Mara mbili, asubuhi na mapema, niliona kichwa cheusi kikipasua maji na kuzama. Tangu hapo sikutulia.

Mwaka huu shefu wa avenue alitangaza kwamba salongo itamaliza kipande hicho. Nilifika kabla ya watu wote, nikasimama ndani ya maji hadi magotini.

"Papa, toka mu mayi!" akaita mama mmoja mwenye panga. "Si wewe njo ulitufundishaka kutoa hii majani?"

"Ni mimi. Nilikosea."

"Kumbe! Na mbu yenye ingali inatuluma, nayo ilikosea?"

Watu wakacheka. Nikawaeleza habari za tilapia, kisha za fisi-maji. Hapo mwanaume mmoja, ambaye sote tunajua kwamba hutega wanyama, akaacha kucheka.

"Iko upande gani, huyo nyama?"

Shefu akakata shauri. "Bon. Tutoe nusu, tuache nusu. Papa, onyesha kwenye inalala, tufunge kamba ya mupaka."

Sikujua. Miezi yote nilikuwa nimetazama kutoka barabarani, juu. Aliyejua, kama yupo, ni jirani yangu, maman anayefua nguo pale kila siku. Nikamgeukia. Alimwangalia mtegaji, kisha akapaza sauti:

"Shefu, mutoe huku kwenye tunafulia. Kule ku mawe muache, iko chupa ya kupasuka mingi. Ilinikata muguu!"

Wengi walikuwa miguu mitupu. Hakuna aliyebisha. Kamba ikafungwa, majani ya upande wa kufulia yakang'olewa yote, nami nikang'oa pamoja nao.

Tulipokuwa tukipanda mlima nilimwuliza, "Maman, ni kweli kule kuna chupa?"

"Chupa gani, papa? Kule njo inalalaka na watoto yake. Na wewe, nyamaza."

Sasa hunijia hamu ya kuhesabu: wamebaki wangapi, wadogo wamekua kiasi gani. Nikibaki nyumbani nazungukazunguka, kwa hiyo kila asubuhi nashuka ziwani. Lakini nasimama upande wa kufulia, nikiyapa mawe mgongo, kwa sababu mtegaji naye hushuka, na hutazama kule ninakotazama mimi.