Picha Iliyoivia Kwapani

Upande wa bwana harusi ulinikodi niende harusini Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, na kamera yangu ndogo ya waridi, ile inayotoa picha hapo hapo, saizi ya kitambulisho. Kufika, nikamkuta mpiga picha mwingine, mzee wa Butembo, upande wa Kongo, ndani ya koti la suti, kamera kubwa kama mkate ikining'inia shingoni. Yeye alikodiwa na upande wa bibi harusi. Hakuna upande uliouambia mwingine.

Tulisalimiana kama wake wenza.

"Ya kwako ni mutoto ya mwizi," akaniambia, bila hasira yoyote.

"Mzee, hii niliinunua dukani."

Akanieleza. Zamani, huko Amerika, mtoto wa kike alimuuliza baba yake kwa nini haoni picha yake papo hapo. Baba akaenda akabuni filamu inayojisafisha yenyewe. Kampuni iliyokuwa ikimtengenezea filamu nayo baadaye ikatoa kamera yake. Wakapelekana mahakamani miaka na miaka, kampuni hiyo ikashindwa, ikaacha. Lakini Wajapani, waliotengeneza kamera yangu, walikwisha kuishika njia ya kampuni hiyo.

"Filamu yangu inapokea mwangaza kwa uso, ndiyo maana iko na kioo ndani ya kugeuza picha. Ya kwako inapokea kwa mugongo. Kama mutu anasikiliza misa akiangalia mulango!"

Nyanya wa bibi harusi akaketishwa, mimi na mzee tukampiga picha kwa pamoja. Baada ya dakika chache yangu ilikuwa tayari, kila kunjo la uso mahali pake. Ya mzee bado nyeupe. Mvua ilikuwa imenyesha na baridi imeshuka kutoka mlimani, kwa hiyo akaiweka kwapani ipate joto, akasimama mkono umebana mpaka sala ya chakula ikaisha.

"Hii haijaiva," nyanya akasema akiitazama yangu. "Picha gani inaiva kabla ya chai?"

Mzee akafungua kwapa. Kumbe filamu yake ilikuwa imekwisha muda wa kutumika: picha ilitoka na rangi ya chai ya maziwa, ukungu pembeni, na uso wa nyanya laini kama wa msichana wa kipaimara. Nyanya akaibusu. Yangu akaikunja, akaitia chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba.

Jumatatu nikaenda dukani Kasese kuulizia filamu zilizokwisha muda.

Mwenye duka akanitazama. "Dada, watu hunigombeza kwa kuwauzia hizo. Wewe unataka ngapi?"