Niliandika Watoto Sita, Walikuwa Saba

Admin, naomba ufiche jina langu na la shule yetu. Majina niliyoweka humu nimeyabadilisha. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, niko darasa la tano la sekondari hapa Uvira. Si msemaji. Mwalimu akiuliza swali ambalo jibu lake ninalijua, sauti inanikwama mpaka mwingine analijibu. Kwenye karatasi ndiko ninakosema, na huko ndiko nilikokosea.

Nyumbani kwetu mawazo ya biashara za ajabu ni kama ugonjwa wa familia. Kaka yangu Faraja aliwahi kununua miavuli ili awakodishe watu wanaosimama juani pale mpakani Kavimvira. Jua lilikuwa kali na wateja walikuwa wengi. Alichosahau ni kwamba watu wa mpakani huwa wanavuka. Miavuli yote ilikwenda Burundi siku ya kwanza, haukurudi hata mmoja. Mpaka leo mawingu yakitanda jirani anampigia kelele, "Faraja, miavuli yako inakusalimia!"

Wazo langu lilichekwa zaidi. Kwetu mtu akifa, kabla ya kumpeleka makaburini, historia yake inasomwa mbele ya sanduku: alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, ameacha watoto gani. Kila mtoto anayetajwa anasimama na kuweka ua. Lakini familia yenye kilio haina kichwa cha kuandika. Mara nyingi nilisikia majina yakichanganywa na watu wakinuna palepale. Nikamwambia mama kwamba nitakuwa nawaandikia, kwa malipo.

Mama alishika kichwa. "Weye iko na wazimu? Utauzisha bantu maneno na muntu wao angali ndani ya sanduku?"

Lakini ikashika. Nilikuwa na kaye moja, yaani daftari, na utaratibu mmoja: anayenisimulia anatia sahihi chini ya ukurasa, ili kesho asiseme nilikosea jina. Kisha ninanakili vizuri kwenye karatasi ya kusomwa. Watu walipenda kuona marehemu wao akitoka humo akiwa mpole na mchapakazi, hata yule aliyekuwa mkali kama pilipili. Walinilipa unga, mafuta, ndagala, mara nyingine pesa. Ada yangu ya shule imetoka humo, na wadogo zangu wanakula humo. Faraja alinitania, "Biashara yangu ilikufa kwa sababu wateja hawakurudi. Yako iko inaendelea kwa sababu wenye historia hawarudi kuisoma."

Nilicheka. Sasa sicheki tena.

Rafiki yangu Sifa tunakaa naye dawati moja. Mama yake alikuwa mtu wa Makobola, alifariki Sifa akiwa mdogo, na baba yake akamleta mwenyewe hapa Uvira, kwa mke wake na watoto wake sita. Baba huyo alikuwa na mitumbwi ya kuvulia ndagala. Mwezi uliopita alifariki, na familia ikaniita.

Dada wa marehemu ndiye aliyenisimulia. Alitaja watoto saba, Sifa akiwemo, akatia sahihi. Asubuhi yake, kabla sijanakili, mtoto wa kiume wa kwanza wa marehemu alikuja kwetu na mfuko wa unga. Alizungumza kwa upole sana.

"Dada mudogo, andika sita. Yule wa Makobola kila muntu anamujua, haina lazima ya kumutaja."

Nilitaka kukataa. Sauti ikanikwama, kama darasani. Nikajiambia familia ndiyo inayojua mambo yake. Nikaandika sita.

Siku ya kusoma nilikuwa nimesimama nyuma ya akina mama. Majina yalisomwa kwenye kipaza sauti, wakasimama mmoja baada ya mwingine. Sifa alikuwa na ua lake. Baada ya jina la sita alikuwa ameshaanza kuinuka, na msomaji akasema, "Tuombe." Sifa akajifanya anarekebisha kitenge, akakaa tena. Ua akaliweka mapajani.

Nilidhani ni aibu ya siku moja. Kumbe ile karatasi imehifadhiwa. Jumamosi hii familia itakaa kuondoa kilio na kugawa nyumba, na Sifa ameshaambiwa atoke chumbani mwake. Kaka yake, yule aliyeniletea unga, anasema hata mbele ya sanduku la baba jina lake halikusomwa, na hakuna aliyepinga. Shangazi anasema hakumbuki alitaja wangapi.

Juzi Sifa aliniuliza tukiwa dawatini, bila kunitazama, "Ni weye njo uliandika ile karatasi?"

Nikamjibu kwamba niliandika walichoniambia.

"Sawa," akasema. "Basi andika na yangu. Minye nikikufa, utaandika nilikuwa mutoto wa nani?"

Kaye iko chini ya mto wangu. Ukurasa wa watoto saba upo, na sahihi ya shangazi ipo. Nikiuchana niupeleke peke yake, watasema nimeutunga mwenyewe. Nikipeleka kaye nzima, siri za nyumba nyingine zimo humo. Mama amenionya, "Siku watu wataona ile kaye inafunguliwa, hakuna nyumba itakuita tena. Na hawa watoto watakula nini?" Mama hadanganyi. Lakini na Sifa atalala wapi?

Ninyi mnaosoma hapa hamnijui, kwa hiyo naweza kuwauliza bila kutetemeka. Jumamosi niingie kwenye kikao chao na kaye yangu mkononi, au nibaki nyumbani? Na nikiingia, wakaniambia, "Basi soma tusikie," ile sauti nitaitoa wapi?