Mapafu ya Rafiki Yangu

Rafiki yangu alizaliwa mara mbili. Mara ya kwanza ku Kasaji, na mama yake. Mara ya pili hapa Kolwezi, ndevu tayari ku kidevu, mu biro ya sosyete ya mukuba, kampuni ya shaba, kwenye nonko yake, kaka ya mama yake, anatumikaka. Nonko alimuandikisha kama mutoto yake ya kuzaa, juu mutoto ya mutumikaji anatunzwaka bure ku opitali ya sosyete. Batu bengi banafanyaka vile. Siku aliponionyesha karte yake ya opitali, na picha anacheka ndani, nilisikia kitu inaniuma chini ya mbavu. Nonko yangu mi anauzishaka makala ya kupikia.

Tulikuwa tunachimba shimo moya, mi na yeye. Kamba moya, vumbi moya. Akikohoa, nami nakohoa. Benzetu ku shimo banatuitaka kwaya. Nikamuambia, "Tata, unibariki, uko mutoto ya mukubwa sasa."

Akajibu, "Nyamaza, yatima."

Kisha mukubwa moya ya Leta, ya serikali, akakuya ku uwanja ya mupira. Alisema inchi imechoka kuuzisha majiwe tu. Sasa tutatengeneza bitu yetu sisi benyewe, na bijana ya mashimo bataingia mu atelye mupya, bajifunze kuunga byuma na kutengeneza mashini, kisha bapate kazi ya kweli. Nilipiga mikono mpaka ikawaka. Masomo yangu ilikwishia ku primere. Tangu pale hakuna mutu alinialika mu chumba yenye viti. Sharti ilikuwa moya tu: sertifika ya munganga, na radio ya kifua, ile picha ya mapafu, juu mutu ya vumbi asikuye kufia mbele ya mashini ya Leta.

Sasa sikia. Leta ile ile ilikuwa imetuahidi zamani kwamba kila mutu atapata karte ya matunzo, na kila santre ya afya itapata mashini ya radio. Ya kwetu ilifika kweli. Iko mu sanduku yake mpaka leo, mu chumba bamepaka rangi nyeupe. Enfirmie, mama anatunzaka bagonjwa, anawekaka chai yake juu.

Nikamuuliza, "Mama, hii sanduku itazaa siku gani?"

"Tunangoja mutu ya kuifungua."

"Mi niko na martolo ya kupasulia majiwe."

"Tunangoja mwenye ruhusa," akasema. "Na kura yenye nguvu, umeme ya kutosha. Na ile sheria ya karte ya batu bote, yenye inalala kule juu kwa bakubwa. Usiniletee martolo yako."

"Na mapafu yangu, ifanye nini?"

"Ingoje pamoya na yetu."

Mashini ingine iko ku polikliniki ya batajiri, kwenye hata mulinzi anakuangalia biatu mbele ya kukusalimia. Rafiki yangu, yeye, aliingia ku opitali ya sosyete asubui, jua haijasimama akatoka na radio mu enveloppe. Akapita kwetu, ameibeba ku kichwa kama mama anapeleka mikate ku soko. Nilimuchukia kabisa. Nikamupatia maji ya kunywa, nikatumaini itamukwama.

Siku atelye ilifunguliwa, nilikwenda kuangalia ku dirisha. Mashini mupya, viti ingali na plastiki yake. Pale mbele balikaa batoto bachache ya batumikaji ya sosyete. Viti ingine yote, hakuna mutu. Mukubwa alikuwa anaeleza batu ya televizio: "Bijana ya hapa habapende kazi."

Nikasema ku dirisha, "Mukubwa, tuko huku inje, tumejaa. Tunangoja sanduku."

"Sanduku gani?" mukubwa akamuuliza mulinzi yake.

Mulinzi hakujua. Akanifukuza, lakini polepole, juu na yeye anakohoaka.

Vile njo iko. Leta ilijenga nyumba ya kazi, mulango ikauweka ku santre ya afya, kisha ikasahau kufungua. Kwa sasa vumbi ya mashimo njo inakaa ku ile viti. Hata vumbi niliionea wivu. Yenyewe haikuombwa radio.

Lakini rafiki yangu sikumuona pale ndani. Nikakwenda kwa nonko yake, muke ya nonko akaniambia: radio ilionyesha doa ku pafu ya kuume. Atelye bamemukatalia, opitali bamemulaza.

Nikamupelekea bitumbula, mikate ya kukaanga. Nikamukuta mu shuka nyeupe, na kuku ku sahani.

"Banasema ni ugonjwa ya vumbi," akasema. "Bameishika mapema."

"Uko na bahati."

Akaniangalia. "Niko mugonjwa, we."

"Uko na ugonjwa yenye jina. Mi nilikula vumbi ile ile, yangu haina hata jina." Nikakaa ku kitanda. "Kohoa."

"Juu ya nini?"

"Kohoa kwanza."

Akakohoa. Nikakohoa. Tukasikiliza. Muzee ya kitanda ya pembeni akageuka. "Baba yenu ni moya?"

"Hapana, tata. Shimo yetu njo moya."

Enveloppe ilikuwa ku meza. Nikatoa radio, nikaishika ku dirisha. Mbavu yake, moyo yake, na kule kuume kawingu kadogo. Kisha nikaiweka mbele ya kifua yangu, juu ya shati, vile tunapimaka nguo ku soko mbele ya kununua. Nikasimama wima.

"Inanienea?"

Akacheka, kicheko ikageuka kikohozi. Kisha akaangalia kweli, kichwa pembeni, bila kucheka tena.

"Ku mabega tu njo inapita kidogo," akasema. "Irudishe. Ni yangu."

Nikairudisha, lakini si mbio.

Kesho yake nikashuka ku shimo. Vumbi ikapanda, nikakohoa. Nikangoja kidogo mule mu giza, vile nilizoea kungoja, ili sauti ya pili ipokee.